Picha za Nyongeza

Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa mchoraji wa ndovu. Sisemi hivyo kwa majivuno. Mjini Meru katika miaka ya themanini, mtu akitaka picha ya kutundika sebuleni alitaka kimoja kati ya vitu vitatu: ndovu, Mlima Kenya, au simba aliyelala macho wazi. Simba alinishinda. Kila nilipomchora alitoka na uso wa katekista wetu, na wateja wa parokia yetu walimtambua papo hapo. Nikabaki na ndovu na mlima. Kuna mwaka niliwaunganisha, ndovu mbele na mlima nyuma, nikawatangazia watu kwamba ni mtindo mpya.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja pale Makutano, kati ya karakana ya seremala na mashine ya kusaga unga. Nasema studio. Watu wengine wote walisema duka. Seremala alinitengenezea fremu, na mashine ikanitengenezea matatizo. Unga uliingia mlangoni, dirishani na chini ya mabati, ukatua juu ya rangi mbichi, na rangi za mafuta katika baridi yetu zinaweza kukaa wiki mbili bila kukauka. Ukiingia baa ya zamani huko kwetu ukaona Mlima Kenya wenye theluji nyingi kupita kiasi, ujue nusu ya theluji hiyo ni mahindi.

Watu waliniita fundi, kama walivyomwita seremala na yule mzee wa kushona viatu. Mimi nikawarekebisha. Msanii, niliwaambia. "Sawa, fundi," wakajibu, wakaendelea kuuliza kama naweza pia kupaka geti. Ndiyo maana sahihi yangu niliiandika kwa rangi nyekundu, chini kulia, kubwa ya kuonekana kutoka barabarani. Mteja mmoja aliwahi kuniomba niipunguze kwa sababu ilikuwa imemfikia ndovu magotini.

Nilichokitaka maishani kilikuwa kitu kimoja. Nilitaka picha yangu itundikwe Nairobi, katika mojawapo ya zile nyumba za maonyesho ambamo watu hutembea polepole na kunong'ona kama wako kanisani, na kando yake pawe na kikaratasi chenye jina langu. Mara mbili nilikuwa nimepanda basi na ndovu wangu wamefungwa kwa gunia, na mara mbili nikaambiwa niache anwani. Nikaiacha. Sasa mwaka huu ninaousimulia nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba ndio wa mwisho. Ukiisha bila Nairobi, nafunga studio, naenda Timau kufundisha. Kulikuwa na shule huko iliyokuwa tayari kunipokea niwaonyeshe watoto namna ya kuchora sehemu za ua na bendera ya taifa. Kila nilipoifikiria Timau na baridi yake nilijiona nimevaa koti zito hadi kufa kwangu.

Mke wangu aliuza viazi na ndizi sokoni. Kuhusu picha zangu alikuwa na neno moja tu, na alilitoa alipoulizwa. "Ni kubwa," alisema.

Lakini ni yeye aliyenitia katika mambo ya nyongeza. Ilianza na mfanyabiashara mmoja kutoka Maua, mama wa Kiislamu mwenye malori yake, aliyekuja kununua mlima. Tulivutana bei mpaka tukaelewana, nikamfungia picha kwa magazeti. Hakuondoka. Alibaki amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Na nyongeza?" akauliza.

Nilifikiri anatania. "Mama, hii ni sanaa. Sanaa haina nyongeza."

"Hakuna kitu haina nyongeza," akasema, akakivuta kiti changu akakikalia.

Mke wangu alikuwa ameniletea chai. Akaiweka birika chini. "Si umpatie mama nyongeza yake."

"Nimpatie nini? Kipande cha ndovu?"

"Mimi nikiuzia mtu debe ya viazi bila kumwekea zingine tatu juu, huyo harudi. Na akienda anasema."

"Picha si viazi."

"Ni kweli," akasema. "Viazi inaisha kila siku."

Mama wa Maua alicheka, na nikaona hapo sina mtetezi. Nilienda kwa seremala nikaokota kipande cha hadibodi kilichobaki baada ya kukatwa, kama ukubwa wa daftari la shule. Nikarudi, nikakaa juu ya debe la rangi kwa hasira, nikachukua yale makombo ya rangi yaliyobaki kwenye kibao baada ya mlima, nikachora kitu cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa dereva wake, amelala ndani ya lori mdomo wazi, mguu mmoja umetokeza dirishani. Nilipomaliza chai yangu ilikuwa bado moto. Sahihi sikuweka. Nani anaweka sahihi kwenye nyongeza?

Mama yule aliitazama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso yake. Akaikumbatia, akatoka. Alikuwa ameshafika barabarani ndipo akakumbuka kurudi kuchukua mlima.

Tangu hapo ikawa desturi. Habari zilienea, maana pale kwetu habari ya kitu cha bure haihitaji gari. Kila aliyenunua picha alidai nyongeza yake, nami nikawa nazichora huku nimenuna, haraka haraka, ili nirudi kwenye kazi ya maana. Nilichora chochote kilichokuwa mbele ya mlango: mbuzi akitafuna kamba ya mizani, wauza miraa wakipiga miayo asubuhi, seremala akitafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Siku ya mvua nilichora mvua. Zilizozidi nilizirundika pembeni kungoja wateja.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Ishiara aliyenunua ndovu watatu kwa mwaka mmoja, nami nikajua nimempata mtu anayeelewa sanaa. Ndovu aliwachagua kwa kuwatazama mara moja tu. Nyongeza aliichagua kwa muda mrefu, akizipanga sakafuni, akiondoa hii na kuirudisha ile, mpaka nikawa nakohoa ili aende. Mara moja nilimpelekea ndovu mkubwa mpaka kwake. Sebuleni, ukutani, palikuwa na zile nyongeza mbili za awali, zimewekewa kioo. Ndovu wake wa kwanza nilimkuta kwenye njia ya kwenda bafuni, amezibwa nusu na kabati. Nilimhurumia yule bwana kwa kutojua kupanga nyumba.

Basi siku moja, mwezi wa saba, gari dogo lenye vumbi lilisimama mbele ya studio, akashuka mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alinipa kadi yake kabla hata sijamkaribisha. Alitoka katika nyumba ya maonyesho Nairobi. Si mojawapo ya zile mbili nilizokuwa nimeziachia anwani. Ilikuwa nyingine, kubwa kuliko zote mbili.

Nikafuta kiti. Nikafuta na ndovu, maana alikuwa na unga. Nikamwonyesha picha zote, moja baada ya nyingine, nikimweleza habari za mwanga na kivuli kwa maneno niliyoyatunza miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Alizitazama zote kwa adabu. "Ni kubwa," akasema, nami sikushtuka niliposikia neno hilo, ingawa ningepaswa.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofunikwa kwa taulo.

"Naomba unisaidie," akasema. "Hii nimeiona kwa shangazi yangu kule Embu, akanikubalia niibebe. Anasema aliipata huku Makutano, karibu na mashine ya unga, miaka mitatu iliyopita. Alinunua picha nyingine kubwa, lakini hiyo aliipeleka kwa harusi kama zawadi, na hakumbuki hata ilikuwa ya nini. Hii haina jina. Unamjua aliyeichora?"

Ilikuwa nyongeza. Niliitambua kabla taulo halijaondoka lote. Kina mama watatu wamesimama mbele ya mashine ya unga, wanangoja. Kingo za hadibodi zilikuwa zimegugunwa na msumeno. Rangi ilikuwa ya kijivu, makombo ya ndovu, na kwenye pembe moja unga ulikuwa umegandia kama ukurutu.

Sasa nieleweni. Ukiuza viazi na mteja akarudi siku ya pili ameshika kiazi kimoja mkononi, hajaja kukusifu. Amekuja kukuonyesha kimeoza. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nilifikiri shangazi amelalamika, na huyu mama amekuja kuona ni msanii gani huwapa watu takataka za hadibodi. Na mbele ya macho yake, ukutani, sahihi zangu nyekundu zilikuwa zimejipanga kumi na moja. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hapana," nikasema. "Huyo si mimi."

"Una hakika?"

"Mama, ona kazi zangu. Hiyo ni ya mtu mmoja wa Chuka. Alikuwa akipitapita hapa na vitu vya namna hiyo."

"Chuka," akasema, akaandika kwenye kijitabu. Akaifunika picha kwa taulo polepole, kama mtu anayemfunika mtoto, akanishukuru, akaingia ndani ya gari na kuelekea Chuka. Mimi nilibaki nimeridhika. Nilijiona nimeponea chupuchupu.

Mke wangu alipotoka sokoni nilimsimulia yote kama kichekesho. Hakucheka. Alikuwa amebeba karai la ndizi zilizobaki, akalitua chini.

"Ameuliza ni nani amechora?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema?"

"Mtu wa Chuka."

"Petero alimkana mwenzake," akasema. "Wewe umejikana mwenyewe, tena mchana, bila hata kumngoja jogoo."

Nikaanza kumweleza habari za rangi ya makombo na kingo za msumeno. Akanikatiza. "Wewe mzee, unafikiria huyo mwalimu wa Ishiara anakujanga kwa sababu ya ndovu?"

Hapo ndipo nilipokaa. Kila kitu kilinirudia kwa mpigo: mama wa Maua akisahau mlima, mwalimu akizipanga picha sakafuni, ndovu nyuma ya kabati. Miaka yote hiyo watu walikuwa wananunua nyongeza, na kunichukulia picha kubwa kwa kunihurumia.

"Kama ulijua, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeanza kuzichora kwa kitambaa kikubwa na kuweka hiyo sahihi yako."

Na kweli, wakati anasema nilikuwa nimeshaanza kufikiria ukubwa wa kitambaa.

Alinishauri nimwandikie yule mama barua siku hiyo hiyo. Niliiandika baada ya wiki tano. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa inaomba msamaha kupita kiasi, ya pili kwa sababu haikuomba hata kidogo. Ya tatu niliiandika kwa Kiingereza cha kuombea kazi, chenye maneno ambayo mpaka leo sina hakika nayo, nikaeleza kwamba baada ya kutafakari kwa kina nimegundua kuwa mchoraji yule wa Chuka ni mimi. Nikaipeleka posta, nikangoja. Kule Timau nao walikuwa wanangoja. Walitaka kujua kama naanza kazi Januari.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi. Yalikuwa mafupi na ya heshima. Yule mama alinishukuru kwa barua yangu, akasema mimi ni wa sita kudai. Alipouliza Chuka, watu watano walimwambia picha ile ni yao, mmoja wao kinyozi. Na kwa kuwa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilimwambia si yangu, bila shaka nitaelewa. Hata hivyo picha itaonyeshwa mwezi ujao, na ninakaribishwa kuja kuitazama kama mtu mwingine yeyote.

Ningebaki nyumbani. Ni mke wangu aliyesema twende. Aliwaachia wenzake viazi, akavaa nguo zake za kanisani na viatu vilivyombana, tukapanda basi asubuhi. Safari hii sikuwa na ndovu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi lakini si kwa hilo nililolikuta. Ukuta mzima mweupe, wenye taa yake, na katikati ile nyongeza peke yake. Kipande cha hadibodi cha ukubwa wa daftari, na watu wazima waliovaa vizuri wamesimama mbele yake wakinong'ona. Sikuitambua mara moja. Niliitazama kama kazi ya mtu mwingine, na kabla sijajizuia nikawaza: huyu bwana anajua kuchora. Kisha nikasoma kikaratasi. Kiliandikwa: Mchoraji hajulikani. Chuka.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimefika mahali nilipotamani kufika maisha yangu yote, na kwenye nafasi ya jina langu palikuwa na mji ambamo hata sikuwahi kulala.

"Enda umwambie," mke wangu akanisukuma kwa kiwiko.

Yule mama alikuwa karibu, akizungumza na wageni. Aliponiona alinipa tabasamu la mtu anayempokea wa sita. Nikamwambia kwa Kiswahili cha kawaida, bila mapambo, kwamba ni mimi, na kwamba nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Alinisikiliza. Nadhani lile neno aibu lilimgusa, maana wale watano hawakulitumia.

"Sawa," akasema. "Kama ni wewe, niambie kitu ambacho hakimo kwenye picha. Hawa kina mama wanatazama nini?"

Hilo lilikuwa rahisi. "Wanamtazama mwenye mashine," nikasema. "Ameizima, amekaa hapa pembeni anakula githeri kwa kopo, na hana haraka. Huyu wa kwanza amekasirika kwa sababu ametoka mbali na ana ng'ombe wa kukamua. Huyu wa pili amelikunja gunia lake mdomo kwa sababu ndani kuna yale mahindi ya manjano, yale ya njaa, na hataki wenzake waone kwamba hata yeye ameyanunua."

Yule mama alikuwa ameivaa miwani. Watu wawili walikuwa wamesogea kusikiliza. "Na huyu wa tatu?" akauliza. "Huyu aliyetupa mgongo?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikatazama. Kilemba kilichofungwa fundo upande wa kushoto badala ya nyuma. Karai kwapani. Bega moja chini kidogo kuliko jingine, kama bega la mtu aliyebeba viazi tangu ujana. Niliichora picha ile kabla chai haijapoa, aliyeileta chai ile akiwa ametoka tu mlangoni kwenda kushika foleni, na katika miaka yote mitatu iliyofuata, hata siku ile taulo lilipofunuliwa mbele yangu, sikuwa nimemwona.

"Ni mke wangu," nikasema.

Alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akisogea kwa viatu vile vilivyombana. Alisimama mbele ya ukuta akajitazama kwa muda mrefu, na watu wakampisha. Mara mbili katika ndoa yetu alikuwa ameniomba nimchore. Mara ya kwanza tulipooana, mara ya pili baada ya kuzaliwa kifungua mimba wetu, amejipaka mafuta na kuketi tayari juu ya kiti. Mara zote mbili nilimwambia kwamba mimi sichori watu, mimi ni msanii wa wanyama na milima.

"Hii ulimpatia nani?" akauliza bila kugeuka.

"Shangazi yake, huyu mama. Wa Embu."

"Alikuwa amenunua nini?"

"Mlima."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu ya sokoni. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba viazi vimekwisha.

"Kwa hivyo mimi ulinitoa nyongeza."

Yule mama wa Nairobi alikuwa ameshakibandua kile kikaratasi ukutani. Akaja na kalamu, akaniuliza jina langu kamili ni nani ili aliandike hapo hapo, watu wakiona. Nikamwomba angoje kidogo, kwa sababu mke wangu alikuwa amegeuka ananitazama, na nilikuwa bado sijamjibu.